Msomaji Aliyekataa Kupiga Kura

"Muue! Nakwambia muue mtoto, mama yake muache!"

Foleni nzima ya supamaketi iligeuka. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha vitunguu akasogea pembeni kabisa. Dada wa watu wala hakuwa na habari nao: gauni la njano, miwani imepanda kichwani, simu ameibana kati ya sikio na bega. Alikuwa mtunza hifadhidata wa shirika la maji, na huko ofisini mashine ilikuwa imekwama. Programu inayozaa nyingine huitwa mama, zinazozaliwa huitwa watoto, na mtoto mmoja siku hiyo alikuwa amegoma kufa.

Nyuma yake mtu akaangua kicheko. "Na ukimuua mama kwanza?"

Alikuwa kijana mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi likanyooka, mkononi ana mkate na sabuni.

"Watoto watabaki yatima," binti akamjibu. "Nitawalea mimi. Na wewe unataka kulelewa?"

"Kwa mlezi kama huyu? Nani akatae?"

Ikawa ndiyo hivyo. Binti akamwita Yatima, kijana akamwita Muuaji. Dada mkubwa wa binti, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, alishika kichwa kila simu ilipoita. "Muuaji, mpenzi wako huyo. Jamani, mapenzi ya siku hizi!"

Kijana naye alikuwa wa kazi hiyohiyo, kwenye kiwanda cha dawa. Ndiyo maana siku moja, chai ikipoa mezani, binti alimweleza jambo ambalo hata dada yake hakuwahi kulisikia: siku aliyofuta akaunti za wateja wa mji mzima akidhani yuko kwenye mashine ya majaribio, kumbe yuko kwenye mashine halisi ya kazi. Alizirudisha zote, lakini huku analia. Kijana hakucheka. Alimshika mkono tu.

"Hilo lazima watu walisikie," alisema.

Neno hilo lilimwingia. Kongamano la hifadhidata huria, ile programu isiyo na mwenyewe ambayo kila ajuaye huitengeneza, lilikuwa limetangaza kwamba linapokea mapendekezo ya mada. Miaka yote amejifungia kwenye chumba baridi cha mashine, na kazini hutajwa bili za maji zikikosewa tu. Safari hii alitaka kusimama mbele ya watu, asikike. Aliitaka nafasi hiyo mpaka akakosa hamu ya kula.

Ajabu ni kwamba tangu alipoanza kuandika, kijana hakutaka kusikia.

"Yatima, nikusomee mwanzo wake?"

"Usinisomee! Mpenzi, tuongee mengine. Umekula?"

Mwanzoni alicheka. Baadaye ikaanza kumkereketa. Kwa nini mtu apende kila kitu chako, akwepe hicho kimoja tu? Siku moja akambana kwenye simu.

"Unanionea aibu?"

"Hata kidogo."

"Basi sikiliza sentensi mbili."

"Siwezi. Na sababu siwezi kuisema. Nivumilie kidogo, roho yangu."

"Mwanaume mwenye siri ya hivyo ana mke," dada mtu akatamka kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni.

Binti akakata simu. Kijana akapiga, akapiga tena. Haikupokelewa. Binti alituma pendekezo lake peke yake, moyo umemvimba kwa hasira na hamu.

Sasa, watu wa programu huria wana desturi yao. Mapendekezo husomwa bila majina ya waandishi, na wasomaji wanaoyapigia kura hufichwa ili wasisumbuliwe. Lakini siku ya uamuzi kikao hufanyika mtandaoni, mlango wazi, anayetaka asikilize. Binti akaingia kama "Mgeni", akazima kipaza sauti.

"Tunafika kwenye mada ya aliyefuta mji mzima," alisema mwenyekiti, mama mwenye sauti nzito. "Wasomaji wamegawanyika nusu kwa nusu. Imebaki kura moja. Msomaji wa mwisho?"

"Sitapiga kura, mwenyekiti."

Binti akakaa wima. Sauti ile aliijua kuliko yake mwenyewe.

"Ni mbaya?"

"Ni nzuri kuliko zote. Lakini namfahamu mwandishi."

"Mfanyakazi mwenzako?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Bado."

Mtu akakohoa kicheko. "Kijana, sema tuandike."

"Nampenda. Nikimpigia kura watu watasema kabebwa, naye hajabebwa na mtu maishani. Amekasirika, hapokei simu zangu, na nilikatazwa kumwambia kwa nini."

"Haya. Bila kura yako, anakwenda kwenye orodha ya akiba, asubiri mwingine ajitoe."

Akiba! Nafasi ikamponyoka hivihivi, akisikia. Chozi likamdondoka, na papo hapo akajikuta anacheka. Akafungua kipaza sauti.

"Samahani, mwenyekiti. Mwandishi ni mimi. Naomba huyo msomaji nimpigie sasa hivi."

"Tokeni mkayamalize nje," mwenyekiti akasema. "Mada inayofuata!"

Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Umesikia yote?" kijana akauliza.

"Yote. Na nimeumia, usidhani sikuumia. Nilikuwa naitaka nafasi ile."

"Najua. Nilikaribia kukupa."

"Ungenipa, nisingekusamehe." Akapangusa mashavu. "Ulisema 'bado'. Bado nini?"

"Bado sijaja kuposa kwa dada yako. Nije?"

"Njoo. Lakini mwakani wakikuomba kusoma, kataa."

"Kwa nini?"

"Nitaandika tena. Na nataka uisikie wewe kabla ya mtu yeyote."