Moshi Chini ya Bâche

Katungu aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, asubuhi, akateleka maharagi ya watu kumi na mmoja. Mdogo wake Bénite alikuwa amekimbia vita kule Kipese na watoto sita, na nyumba ya Katungu na wanawe watatu, hapa Furu mjini Butembo, ilikuwa na vyumba viwili tu.

Kwa hiyo Katungu alitandaza bâche, turubai la plastiki, nyuma ya nyumba. Upande mmoja aliufunga kwenye paa lake, upande wa pili kwenye ua wa matete uliomtenga na jirani yake Zorobabel. Chini ya bâche wageni walilala, na hapo hapo yeye alipika. Mvua ikinyesha, hakuna aliyelowa. Aliridhika.

Zorobabel akachungulia juu ya ua.

"Mama Katungu, toa hiyo kitu! Moto ikishika, itafika kwangu."

"Papa Zoro, unaogopa moto, ao unaogopa batoto ba Bénite?"

"Batoto hapana. Lakini jiko yangu iko ya majani!" Jiko lake lilikuwa kibanda kilichoezekwa kwa majani, karibu kabisa na ua.

Bâche ikitolewa, watoto walale wapi? Katungu alimwita Josaphat, fundi wa kuchoma matofali, aje kuamua.

Josaphat alitupa majani mabichi kwenye mbabula. "Muangalie moshi. Kwenye itapita, moto nayo itapita."

Moshi ulipanda, ukagonga bâche, ukakosa pa kutokea. Ukatambaa chini yake, ukavuka ua, ukaingia kwenye majani ya jiko la Zorobabel.

"Si nilisema?" Zorobabel alikohoa.

Josaphat akachoma kipande cha bâche barabarani. Kilidondosha matone yanayowaka. "Muone. Kila tone ni kibiriti."

"Donc nifukuze ndugu yangu?" Katungu aliuliza.

"Hapana! Sogeza bâche, si batu. Acha hatua ine mpaka ku hii clôture ya matete. Pale katikati, udongo mutupu: hapana kuni, hapana nguo. Na mbabula itoke inje."

Mwaka ule wa 1999 wenye bunduki walitoza kodi kwenye kila kizuizi. Lakini pale Furu nani aliwahi kuona gari la kuzima moto? Maskini alilindwa na jirani yake tu. Tusisahau.

Zorobabel mwenyewe alileta miti ya kusimamishia bâche.

Wiki mbili baadaye, saa sita mchana, upepo ulirusha kaa la moto kutoka kwenye mbabula hadi juu ya bâche. Pembe ya upande wa ua ikawaka. Matone yalianguka kwenye udongo mtupu, yakazimika. Bénite alikata kamba, Katungu akavuta bâche chini, Zorobabel akamwaga ndoo ya maji.

Hakuna aliyeungua. Ua ulibaki mzima, na jiko la majani pia. Pembe ya bâche tu ndiyo iliyopotea.

"Pale kwenye imeungua, nani analalaka usiku?" Zorobabel aliuliza.

"Batoto babili," Bénite alijibu.

Zorobabel aling'oa matete matatu kwenye ua.

"Bapite hapa. Balale mu jiko yangu."

"Wasingya, Papa Zoro," alishukuru Katungu, na watoto walikuwa wameshapita.