Chungu cha Kinamasi cha Midia

Shangazi yangu Mariam Poni, mjane wa kijiji cha Midia, karibu na Koboko, alikuwa akianika mihogo asubuhi wakati shemeji yake Fadhul alipoingia uani na kundi la watu. Mimi nilikuwa nimetoka Arua kumsalimia. Nilipowaona nikaanza kukuna viganja, kama kawaida yangu nikiwa na wasiwasi.

Fadhul alikuwa akichimba bwawa la samaki kinamasini, akafukua chungu cha kale chenye nakshi za kamba. Mtu mwenye akili angekihifadhi. Yeye alikwenda kumtafuta mganga, na sasa walikuwa wamekuja nacho uani. Huyo mganga, Yakani, alivaa koti la suti ambalo lebo yake ilikuwa bado imeshonwa kwenye mkono. Hakuna aliyejua kwao ni wapi.

"Hii chungu iko na jina ya mutu muchawi," alisema. "Mimi naita, yeye anajibu."

Akavunja kipande. Ndani ya ufa kulikuwa na unga mweupe. "Mariam Poni!" akaita. Tukangoja. Unga ukaanza kugeuka buluu.

"Umeona?" Fadhul akafoka. "Huyu ndiyo aliua ndugu yangu. Leo anatoka hapa. Shamba inabaki."

Shangazi akaninong'oneza, "Hawah, mimi naenda wapi?"

Nilicheka, ingawa bado nilikuna viganja. Nimesoma mambo ya kale chuo kikuu, na sijapata kuona ulaghai mvivu kama ule. Chungu kikizikwa kwenye maji huoshwa chokaa yake, kikalainika. Mfupa unaooza jirani hutoa fosforasi, tope hutoa chuma, na pasipo hewa viwili hivyo hushikana vikawa unga mweupe. Ukiuvunja, hewa ikaufikia, hugeuka buluu.

"Ita jina la mbuzi wako, mganga," nikamwambia. "Ataitika vilevile. Au niite lako?"

Watu wakaangua kicheko. Nikavunja kipande kingine mwenyewe. "Yakani!"

Buluu ikaja.

"Kumbe mganga ndiyo mchawi!" mtu akapaza sauti. "Fadhul, umeleta mchawi na kumlisha kuku!"

Yakani alinitazama mimi tu. "Kama ni mimi, hii iniue," akasema kwa sauti ya chini. Akakitia kipande mdomoni, akauma.

Kitu kikapasuka.

Akatema nusu ya jino. Wakamzomea zaidi. Fadhul, shujaa wa shamba la marehemu, akawa wa kwanza kutoroka, na wenzake wakamfuata wakimtania. Yakani hakushika njia ya Koboko. Alishuka kinamasini, taratibu, koti na lebo yake.

Nikachukua kipande alichouma. Kilikuwa laini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Hakiwezi kuvunja jino.

Wala chini hapakuwa na damu.

Nikachuchumaa karibu na lile jino. Lilikuwa limepasuka katikati. Ndani ya ufa kulikuwa na unga mweupe.

"Unatazama nini?" shangazi akauliza, akicheka na kulia. "Wameenda. Nyumba yangu imebaki."

Jino la mtu haliwi hivyo mdomoni. Linahitaji tope. Linahitaji maji, miaka mingi, bila hewa.

Nilingoja, nikiomba nimekosea.

Ukingo wa ufa ukaanza kugeuka buluu.