Majina Yasiyoagwa

Kilichomtoa Nehemiah Makhanu kwenye chai yake siku ile ni sauti ya karatasi ikigeuzwa. Ilikuwa ndogo tu, mtu mwingine asingeisikia. Mvua ya saa kumi ilikuwa ikipiga mabati, maana mvua ya alasiri ya Kakamega haipigi hodi, na redio juu ya kabati ilikuwa ikitangaza kifo cha mama mmoja wa Lumakanda: binti ya marehemu fulani, mke wa fulani, mama wa hawa na hawa, mazishi Jumamosi nyumbani kwake. Tangazo likaisha. Kabla ya lingine kuanza, karatasi ikageuzwa.

Msomaji yule hakuwa na karatasi. Wala mikono hakuwa nayo. Tangu mwezi wa pili matangazo ya vifo yalikuwa yakisomwa na mashine, akili bandia iliyofundishwa sauti ya Nehemiah, na Nehemiah mwenyewe, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita, alikuwa nyumbani kwake Shinyalu na kiazi kitamu mkononi.

"Mama Mitchel," akaita kwa sauti iliyokwaruza. "Umesikia hiyo?"

Muhonja, mkewe, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. "Nisikie nini? Si ni wewe unasoma?" Kisha akainua macho, akamwona mumewe kitini, akashika mdomo. "Woi, pole. Nasikianga tu hiyo sauti nafikiri uko kazini."

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Nehemiah hakumlaumu, lakini ilimuuma. Hakuwa na shamba la kusifiwa wala ng'ombe wa kuhesabika. Sauti ndiyo mali aliyokuwa nayo duniani, na sasa hata mkewe alikuwa akiitafuta kwingine.

Jambo lenyewe lilianza kwa uchovu, kama mengi yanavyoanza. Mzee Phineas, aliyemwachia kiti pale kwenye kituo cha redio, alimfundisha kitu ambacho hakikuandikwa popote. Ukimaliza tangazo la kifo unazima maikrofoni, unageuza karatasi kifudifudi, unasema polepole, ukianza na neno la amani la Kiluhya: "Mulembe. Nenda salama." Kila jina, kila siku, hata ukiwa na homa. "Umemwita mbele ya watu wote," mzee alikuwa akisema. "Mtu akiitwa anakujanga. Sasa usipomuaga, unataka akae wapi?" Nehemiah alicheka siku ya kwanza. Baadaye hakucheka tena, na hakuwahi kuruka jina hata moja.

Hadi alipokuja Beverly, fundi wa kompyuta, mwanamke mpole asiyependa kumwangalia mtu machoni anapompa habari mbaya. Mashine, alieleza, haikujua kutamka majina ya huku. Ikisema Khavetsa, ungedhani imepaliwa. Lakini stoo kulikuwa na masanduku kumi na mawili ya matangazo ya zamani, majina zaidi ya elfu tatu, ya kila ukoo kuanzia Lugari hadi Butere. Nehemiah angeyasoma yote ili mashine ijifunze, na akimaliza angekuwa msimamizi wake.

"Na hayo maneno ya pembeni uyaache, mzee," Beverly alisema. "Ukigeuza karatasi na kunong'ona unaharibu rekodi. Tunataka sauti safi."

Angeweza kukataa. Lakini alikuwa na miaka hamsini na minane, mgongo ulimuuma, na mtu aliyechoka hukubali mambo ili aruhusiwe kwenda nyumbani. Kwa wiki tatu alikaa mbele ya maikrofoni, kila asubuhi akiipima kwa kusema, "Mimi ni Nehemiah Makhanu wa Shinyalu, mume wa Muhonja, baba wa Mitchel," kisha akawaita marehemu mmoja baada ya mwingine, bila kumuaga hata mmoja. Usimamizi wenyewe ulidumu miezi miwili. Barua ya kumshukuru na kumwachisha kazi iliandikwa na mashine pia. Ilikuwa barua nzuri, hata yeye alikubali.

Siku iliyofuata ile ya chai na kiazi, karatasi iligeuzwa baada ya kila jina. Siku ya tatu ikaja harufu, ya udongo mwekundu uliochimbwa asubuhi na kurundikwa kando ya kaburi, nayo ilitoka penye vitundu vya spika. Na kila saa kumi ilipofika, sauti ya Nehemiah ilikatika kooni, ikarudi matangazo yakiisha, imepungua kidogo. Daktari alimulika koo akasema ni zima kabisa. Mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakaomba mpaka jasho likawatoka, na walipofika mwisho, redio iliyokuwa imezimwa ikasema, "Amina."

Mchungaji hakusubiri chai.

Ijumaa mawingu yalishuka mapema kutoka upande wa msitu, nyumba ikawa giza, na Muhonja akaamua kwamba imetosha. Akafungua mgongo wa redio, akatoa betri zote nne, akazishika kifuani. Saa kumi ikafika. Kimya. Wakatazamana, wakaanza kutabasamu, ndipo karatasi ikageuzwa, na ile sauti nzito ya upole ikaanza kuwasoma watu waliozikwa miaka kumi, miaka ishirini iliyopita, mkata miwa wa Butere, mapacha wa Lubao, mwalimu aliyepigwa na radi, na baada ya kila jina palisikika mtu akisogea mle ndani, akikohoa, akiburuta mguu, jinsi foleni ndefu inavyopiga hatua moja, na harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka Muhonja akaziba pua kwa leso, na Nehemiah alipofungua kinywa aseme basi, inatosha, hakikutoka kitu, kwa maana sauti yake ilikuwa kwingine, ikimwita yeye mwenyewe: "Nehemiah. Mbona umetuita ukatuacha tumesimama?"

"Betri ziko hapa," Muhonja alinong'ona. "Baba Mitchel, betri ziko kwangu hapa kwa mkono."

Mfa maji haishi kutapatapa. Jumatatu asubuhi Nehemiah, shemasi wa miaka mingi, alikuwa ameketi mkekani kwa Sheikh Abdulfatah kule Mumias, akimwomba Mungu mtu wa kanisa asimwone pale. Sheikh alimsikiliza amefumba macho.

"Sauti hii naijua," akasema. "Hata ikiwa imebaki hivi. Wewe ndiye uliyemtangaza mama yangu. Ulimtaja vizuri."

Nehemiah akaona machozi yanamlenga. Kwa miezi sita hakuna aliyemwambia neno kama hilo.

"Sasa sikiliza, mzee wangu. Wafu hawarudi. Wako kwa Mola wao. Hao ni makarini. Kila mtu huzaliwa na jini wake, karini, anayetembea naye maisha yake yote na kuijua siri yake. Mtu akifa, karini hubaki. Hana mwenyewe, hana kazi. Wengi hulala. Wewe umewaamsha elfu tatu kwa majina ya wenyewe, na mbele yao umeweka sauti tupu, isiyo na mtu ndani. Ungekuwa ni wewe huna kazi, ukakuta nyumba iko wazi, ungefanya nini?"

Nehemiah alijua jibu. Barua yake ilikuwa bado mfukoni.

"Nitasoma, na ubani nitafukiza," sheikh akaendelea, "lakini la kuvunda halina ubani. Aliyewaita ndiye wa kuwaaga. Jina kwa jina, kwa sauti yako, kabla haijaisha. Ikiisha kabla ya majina, utakaa bubu na wao watakaa kwako. Na uangalie sana asisahaulike mtu. Kila uliyemwita, umuage."

Kituoni Beverly mwenyewe ndiye aliyemfungulia stoo. Alikuwa amekonda. "Hata ofisini tunawasikia," alisema chini chini. "Jana ilinisomea babu yangu, na anavyokohoanga vile vile. Fanya haraka, mzee. Mwisho wa mwezi na mimi naenda. Wamepata mashine ya kuangalia mashine."

Akaanza. Jina, karatasi kifudifudi, mulembe, nenda salama. Siku sita alikaa kwenye kigoda kati ya masanduku, chupa ya maji ya asali na tangawizi ya Muhonja miguuni, na kila aliyeagwa alipita karibu naye, bila umbo, baridi kidogo tu upande wa shavu. Karini wa mkata miwa alipita na harufu ya majani ya miwa yaliyochomwa, akasema, "Asante. Tumechoka kungoja." Hakukuwa na ubaya katika sauti ile. Nehemiah, ambaye alitarajia kuogopa, alijikuta akimhurumia, kwa maana alijua kungoja huko, kukaa umevaa vizuri asubuhi na hakuna unakotakiwa. Sanduku la tano sauti yake ilikuwa mkwaruzo. Sanduku la tisa ilikuwa mnong'ono. Sanduku la kumi na mbili alilazimika kuishika shingo kwa mkono mmoja na kulisukuma kila jina litoke, na udongo ukanuka mpaka akauonja, na mvua nje ikapiga na kupiga, na alipofika karatasi ya mwisho kabisa akakuta ni ya Mzee Phineas, ambaye yeye mwenyewe alimtangaza miaka tisa iliyopita.

Alilia, wala hakujificha. "Mulembe, mzee," akasema. "Nilivunja neno lako. Nilikuwa nimechoka. Nenda salama."

Harufu ikakatika. Stoo ikawa stoo tu, yenye vumbi na kinyesi cha panya. Akaokota chupa yake akaenda nyumbani.

Jumamosi ile Muhonja alipika ingokho, kuku wa heshima, kwa furaha, na firigisi akaiweka kando kwenye sahani nzuri, maana katika nyumba ya Mluhya firigisi hailiwi na mtu ila mwenye nyumba. Saa kumi ikakaribia. Nehemiah akarudisha betri kwa mikono yake mwenyewe, akaketi. Mashine ikasoma tangazo la kwanza, la pili, la tatu. Hapakuwa na karatasi wala foleni. Kilikuwa chombo tu kinachosoma, tena kwa ufasaha, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili aliisikiliza bila uchungu. Wacha isome. Yeye angelima maharagwe, angemsimulia mkewe hadithi jioni kwa huo mnong'ono uliobaki. Ulimtosha.

Matangazo yakaisha. Ukaja ukimya, mrefu kuliko kawaida.

Karatasi ikageuzwa.

"Mimi ni Nehemiah Makhanu wa Shinyalu," ikasema redio, "mume wa Muhonja, baba wa Mitchel."

Akazikumbuka zile asubuhi zote za kupima maikrofoni, wiki tatu nzima, kila siku akijiita yeye mwenyewe kwa jina na nyumba, na hakuna siku aliyojiaga. Masanduku yalikuwa kumi na mawili na jina lake halikuwamo. Karini wake alikuwa ameitwa kama wengine, naye hakuwa na haja ya kungoja mwenyewe afe; alipata sauti nzima, isiyozeeka, isiyoumwa mgongo, akahamia. Nehemiah akafungua kinywa amfukuze. Ule mnong'ono haukuwepo tena.

Ndipo ile sauti ikashuka, ikawa ya pembeni, ya maikrofoni iliyozimwa, na ikasema maneno ambayo hayakurekodiwa hata siku moja, ambayo hapa duniani aliyajua yeye na karini wake tu.

"Nehemiah. Mulembe. Nenda salama."

Na miguu yake ikainuka. Hakuna aliyemshika wala kumsukuma. Iliinuka yenyewe, kwa utii wa mtu aliyechoka anapoambiwa kazi imekwisha, ikampeleka mlangoni penye mvua. Pale kizingitini alipata nguvu ya kugeuka mara moja tu. Muhonja alikuwa akitoka jikoni na sahani mkono mmoja na jagi la maji ya kunawa mkono mwingine.

Akatazama pale mlangoni, macho yakampita Nehemiah, jinsi mtu anavyotazama mvua kuona kama imepungua.

"Mama Mitchel," ikaita redio, kwa upole wa miaka thelathini ya ndoa.

"Nimekuja, baba Mitchel. Leo umemaliza mapema." Akaiweka firigisi juu ya kabati, akasogeza beseni mbele ya redio, akainamisha jagi. Maji yakamiminika, na Nehemiah akayasikia yakipita kati ya vidole vya mtu anayenawa.