Kimeng'enya cha Kitufe

Nyumba ya mama Kitufe ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa kimemezwa na vitambaa. Vitambaa mezani, vitambaa kitini, vitambaa ndani ya kabati kubwa lisilofunga vizuri. Mama Kitufe alikuwa fundi cherehani. Mumewe alipiga pasi na kushona vifungo, na alipenda kujigamba kwamba bila yeye mtaa mzima ungetembea vifua wazi. Mtoto wao wa pekee alikuwa na miaka miwili. Alikuwa mfupi, wa mviringo, na kila mara alikuwa amejificha chini ya meza. Ndiyo maana wakamwita Kitufe.

Kitufe alikuwa mtundu hasa. Siku hiyo alipoacha utundu, mama yake alijua kuna jambo. Mtoto alilala tu, akipumua haraka. Macho yake yalikuwa ya manjano. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyokosa maziwa.

Wakakimbia hospitali. Kitufe akaongezewa damu, na vipimo vikafanywa.

"Mtoto wenu ana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD," daktari aliwaambia. "Kimeng'enya hicho ni protini. Kimeundwa na asidi amino zaidi ya mia tano zilizofuatana kama shanga kwenye uzi, na moja imebadilika. Msimpe dawa yoyote kabla ya kuuliza."

Wakarudi nyumbani. Hawakumpa Kitufe hata tone la dawa. Lakini wiki chache baadaye, macho yalikuwa ya manjano tena, mkojo mweusi tena, na damu ikaongezwa tena.

Safari hii daktari hakutabasamu. "Kuna kitu huko nyumbani kinavunja chembe zake nyekundu za damu," alisema. "Kitafuteni leo hii. Siku nyingine mnaweza kuchelewa kufika."

Mama Kitufe alimbeba mtoto njia nzima. Nyumbani, alimkabidhi bibi mtoto amwogeshe. Bibi alikuwa mama yake baba Kitufe, na aliishi chumba cha mbele. Kisha fundi akakaa mbele ya cherehani bila kushona.

"Mimi sielewi," mumewe alisema. "Moja kati ya mia tano! Shati likikosa kifungo kimoja, si linavalika?"

"Inategemea, shemeji," sauti ilijibu mlangoni. "Suruali ikikosa kile cha kiunoni, utatoka nje?"

Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mwenye gauni mkononi la kupunguzwa pindo. Watoto wa mtaa walimwita Bi Darubini, kwa sababu alifanya kazi katika maabara ya chuo. Kusema kweli, hakushika darubini hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kompyuta.

Mama Kitufe akamweleza yote. Alitaja kimeng'enya, na namba ya ile asidi amino iliyobadilika, kama daktari alivyomwambia.

Bi Darubini aliruka. Gauni likaanguka chini. "G6PD? Dada, hiyo ndiyo kazi yangu! Mimi nachunguza asidi amino zinazogusana ndani ya protini. Kaeni hapo hapo!"

Alipanda ngazi mbiombio na kurudi akihema, kompyuta kwapani. Lakini hakuifungua kwanza. Alichukua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwa mama Kitufe.

"Huu utepe una namba moja hadi mia na hamsini. Kila namba ni asidi amino. Jirani wa ishirini ni nani?"

"Kumi na tisa na ishirini na moja," baba Kitufe alijibu haraka. "Mimi nimesoma, shemeji."

"Hongera. Sasa tazama." Aliukunjakunja utepe ukawa donge, akauchoma pini hapa na pale ili usifumuke. "Protini haikai imenyooka. Hujikunja hivi. Tafuta ishirini. Inagusana na nani?"

Mume na mke wakainama, vichwa vikagongana.

"Mia na thelathini na mbili!" mama Kitufe alisema kwa mshangao. "Na sitini na nane! Lakini hao walikuwa mbali kabisa!"

"Mbali kwenye mstari, karibu kwenye donge. Kazi yangu yote ndiyo hiyo. Napima umbali kati ya kila asidi amino na nyingine zote. Walio karibu kupita kipimo tulichoweka, tunasema wanagusana. Migusano hiyo ndiyo pini zinazoshikilia umbo."

Alichomoa pini moja pale kwenye ishirini. Donge likalegea. Utepe ukachomoza pembeni, na namba zilizokuwa zimebanana zikaachana.

"Namba moja tu," baba Kitufe alinong'ona.

"Namba moja, lakini ilikuwa imeshika watu wengi."

Sasa akafungua kompyuta. Kwenye kioo kikatokea kitu kama uzi uliosokotwa, chenye rangi nyingi, kikizunguka polepole. Bi Darubini aliandika namba ya Kitufe. Mahali pamoja pakang'aa pekundu, na kutoka pale mistari myembamba ikaelekea pande zote.

"Hii ndiyo protini ya mtu asiye na upungufu. Kila mstari ni mgusano. Sasa naibadilisha ile moja." Alibonyeza tena. Mistari mingi ikatoweka. "Mwaona? Palikuwa na jirani mnene aliyejaza nafasi. Sasa pana mwembamba, hawafikii wenzake. Kimeng'enya kinakuwa legelege, kinaharibika mapema. Kilichobaki ni kidogo."

Mama Kitufe aliukodolea macho ule wekundu. Ugonjwa uliomtesa mwanawe ulikuwa na mahali, na alikuwa akipaona.

"Ni kosa langu?" aliuliza.

"La. Amerithi tu, kama alivyorithi pua ya baba yake. Hilo la pua ndilo la kusikitisha."

Baba Kitufe alijishika pua. Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Sasa sikilizeni," Bi Darubini aliendelea. "Kimeng'enya hiki hukinga chembe nyekundu za damu zisiunguzwe na kemikali fulani. Kidogo alicho nacho Kitufe kinamtosha siku za kawaida. Kemikali hizo zikija, hakitoshi. Mmetafuta wapi?"

"Kwenye dawa," mama Kitufe alisema. "Kwenye chakula pia. Kila kinachoingia kinywani."

"Mnafuata mstari, dada. Mimi nauliza nani yuko karibu. Kitufe analala wapi mchana?"

"Humu humu, nikishona. Anapenda kujilaza juu ya vitambaa vya sufi vya kabatini. Vile vya makoti."

Bi Darubini alisimama, akafungua kabati. Harufu kali ikawapiga puani. Wenye nyumba hawakushtuka, maana walishaizoea kama mafundi wote wanaotunza vitambaa. Kila rafu ilikuwa na vidonge vyeupe vya mviringo, vya kufukuza nondo wanaokula sufi.

"Naftalini!" Bi Darubini alipiga kelele. "Hii ni sumu kwa mtoto yeyote akiimeza. Kwa mwenye upungufu wa G6PD, hata mvuke wake tu ni hatari!"

Mama Kitufe alishika kinywa. "Niliongeza mwezi uliopita, na mwezi huu tena. Kila nikiongeza, mtoto anaugua. Mungu wangu, na mimi ndiye niliyemtandikia!"

"Ulimtandikia kitambaa laini, kama mama yeyote. Usilie, fanya kazi!"

Nyumba ikageuka soko. Bibi alimpeleka Kitufe ghorofani kwa Bi Darubini, mbali na harufu. Madirisha yakafunguliwa. Baba Kitufe alifunga kitambaa puani, akaokota vidonge vyote na kuvifungia kwenye kopo ili visiachwe ovyo. Alitaka kumpigia daktari simu, akagundua simu imefunikwa na makoti, akaitafuta huku akitukana nondo wote duniani. Daktari alisema wamefanya vyema, ila kutoa vidonge peke yake hakutoshi. Basi kila kitambaa kikafuliwa na kuanikwa juani, na kabati likasuguliwa kwa maji ya sabuni. Tangu hapo vitambaa vya sufi vilikaa kwenye mifuko iliyofungwa vizuri, na vilikung'utwa nje kila mara.

Kitufe alirudi nyumbani harufu ilipoisha. Miezi ikapita. Alinenepa, akaanza tena kujificha chini ya meza na kung'ata miguu ya wateja.

Kisha akapata homa.

Mama yake alimbeba hadi duka la dawa. Muuzaji alimsikiliza, akageuka kuchukua boksi kwenye rafu.

"Ngoja," mama Kitufe alisema. Sauti yake ilisikika duka zima. "Mwanangu ana upungufu wa G6PD. Hiyo inamfaa?"

Muuzaji alisita. Alisoma boksi, akasoma tena, akalirudisha rafuni. "Asante kwa kusema, mama. Hii ingemdhuru. Mpeleke kwanza zahanati akapimwe, na uwaambie hivyo hivyo." Zahanati walimpima, wakampa dawa nyingine isiyo na madhara kwake.

Usiku homa ilishuka, lakini mama Kitufe hakulala. Alikuwa akingoja mkojo, aone rangi yake. Asubuhi baba Kitufe alimkalisha mtoto kwenye poti na kukaa sakafuni mbele yake. Bibi alisimama nyuma ya mlango.

Mara mlango ukafunguka kwa kishindo. Baba Kitufe alitoka mbio hadi uani, kifua wazi, poti mikononi.

"Shemeji!" aliita akitazama dirisha la juu. "Shemeji, njoo uone! Maji matupu!"