Kimya Aaga Kazini

Jina lake la nyumbani lilikuwa Kimya. Alipewa kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alikuwa mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali, na kazi hiyo haikutaka maneno mengi. Ilitaka macho makali na mkono usiotetemeka.

Nyumbani walikuwa watatu, ghorofa ya tatu: Kimya, mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, na baba yake. Baba aliendesha treni miaka ishirini na sita. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Sasa alishinda kitini kando ya dirisha. Starehe yake ilikuwa moja tu: kucheza drafti na binti yake kila Jumamosi mchana, kwa vizibo vya soda.

"Kiharusi kimechukua mkono," alipenda kusema, akisukuma kizibo kwa mkono wa kushoto. "Akili kimeniachia. Angalia, nakula kete zako mbili."

Lakini mwaka huo Jumamosi ziliota mbawa. Wafanyakazi wawili wa maabara walihama, na hakuna aliyeajiriwa mahali pao. Zamu zikaongezeka. Jumamosi kazini, Jumapili kazini. Kimya akirudi jioni, anamkuta baba amesinzia, ubao wa drafti magotini.

Alhamisi moja asubuhi, Mkuu wa maabara alimfokea mbele ya wagonjwa kwa sababu ya majibu yaliyochelewa. Kosa halikuwa lake. Kimya alirudi kwenye mashine yake. Mchana simu yake ikalia. Ilikuwa maabara nyingine, upande wa pili wa mji, alikofanyiwa usaili mwezi uliopita.

"Umepata kazi," sauti ilisema. "Jumatatu hadi Ijumaa. Unaweza kuanza Jumatatu hii?"

"Naweza," akajibu papo hapo.

Alipofika nyumbani aliutupa mkoba kwenye kochi. "Mama, nimepata kazi nyingine. Kule sirudi tena. Wataniona ndotoni."

Mama alisimamisha cherehani. "Bila kuaga?"

"Aliponifokea mbele za watu, aliniomba ruhusa?"

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mwanangu."

Baba akageuza kichwa polepole. "Treni haiachwi njiani, hata kama mkuu wa stesheni hana adabu."

"Baba, hii si treni."

"Abiria haina?"

Kimya akakaa kando ya baba yake.

Wakati huo jirani wa ghorofa ya pili alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua gauni lake. Watu walimwita Mama Afisa, kwa kuwa alifanya kazi katika ofisi ya kazi, mahali wanapopeleka mashauri waajiri na waajiriwa. Alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, Mama," Kimya akasema.

"Marahaba. Hongera kwa kazi mpya. Barua ya ajira unayo?"

"Wamenipigia simu."

"Simu si mkataba. Maneno hupeperuka. Wakibadili nia Jumatatu, utakuwa huna huku wala kule." Mama Afisa akaketi. "Na mkataba wako wa sasa unasemaje kuhusu kuacha kazi?"

Kimya hakujua. Alipanda kiti, akatoa juu ya kabati mfuko wa plastiki wenye vumbi. Mkataba ulikuwa ndani. Alipousaini miaka minne iliyopita, alisoma mstari wa mshahara tu. Mama Afisa akafunua kurasa, akaweka kidole mahali.

"Soma hapa, kwa sauti."

"Mwajiriwa anayetaka kuacha kazi atatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja."

"Basi ukitoroka, umeuvunja. Wanaweza kukushtaki. Na kesho ukiomba kazi kwingine, nani atakusemea vizuri? Mikataba hutofautiana, ndiyo maana mtu huanza na karatasi yake mwenyewe. Usipoielewa, uliza ofisi ya kazi. Kuuliza si ujinga."

"Sasa nifanyeje?"

Mama akampa kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, na Kimya akaandika aliyoambiwa. Awapigie wale wapya, awaombe barua inayotaja kazi, mshahara, siku za kazi na likizo. Aisome yote kabla ya kusaini. Akiwa nayo mkononi, ndipo aandike barua ya kuacha kazi, ataje na siku yake ya mwisho. Nakala ziwe mbili. Moja ipigwe mhuri wa kupokelewa, arudi nayo.

"Na hasira niiweke wapi?" Kimya akauliza.

"Popote, ila si kwenye barua. Barua hukaa kwenye faili miaka. Halafu kuna makabidhiano. Andika kila unalolijua wewe, ambalo atakayekuja halijui. Hilo wengi hulisahau."

"Na wale wapya wakikataa kunisubiri mwezi mzima?"

Mama Afisa alikunja gauni lake taratibu. "Wanaweza kukataa. Sitakudanganya."

Kesho yake asubuhi Kimya alipiga simu. Alieleza kuhusu notisi, akaomba barua. "Tutakujulisha," walisema, wakakata. Ijumaa ikapita. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, simu haikulia. Alikwenda kazini kama kawaida. Alijiona mjinga aliyeachia samaki kwa sababu ya adabu.

Jumanne mchana wakamwita. Barua ilikuwa tayari, na wangemsubiri. Kimya aliisoma mstari kwa mstari, mpaka siku za ugonjwa na siku za msiba. Aliuliza kuhusu Jumamosi, akajibiwa kwamba ni za mapumziko. Ndipo akasaini.

Siku iliyofuata alimpelekea Mkuu barua yake. Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Unaniacha na watu wawili."

"Nina mwezi mmoja, Mkuu. Nitamfundisha atakayekuja."

Mkuu akagonga mhuri, akamrudishia nakala moja.

Kila siku baada ya zamu, Kimya aliandika makabidhiano. Aliandika mashine ipi husafishwa lini, na wodi ipi huchanganya majina ya wagonjwa. Siku ya tatu aliandika habari ya jokofu la maabara, akaiacha karatasi mezani kwa Mkuu. Kesho yake asubuhi Mkuu alimwita, karatasi mkononi.

"Hili la jokofu ni nini?"

"Mlango haufungi vizuri. Nikitoka nausukuma kwa goti mpaka ushike."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Na siku ambayo huna zamu?"

Kimya aligeuka kulitazama jokofu. Ndani ya jokofu lile mlikuwa na vitendanishi, dawa za kupimia kama damu ya mgonjwa inapatana na damu anayoongezewa. Dawa hizo zikipata joto zinaweza kutoa jibu la uongo. Na damu isiyopatana huua. Alikumbuka kwamba alitaka kuondoka na siri hiyo kichwani, bila hata kuaga.

"Sijui," akasema.

Mkuu aliita fundi saa ile ile. Kila chupa ilipimwa kabla ya kutumika tena. Mbili zilikuwa zimeharibika, nazo zikatupwa. Walifungua madaftari ya miezi yote saba. Kwa bahati, hakuna mgonjwa aliyekuwa amedhurika.

Kazi hiyo ilipokwisha, Mkuu aliuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ukiambiwa, Mkuu, huwa unafoka."

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Mkuu alivua miwani, akaiweka mezani.

"Siku ile mbele ya wagonjwa, sikuwa na haki."

"Iliniuma sana."

"Najua. Na hili la jokofu ni letu sote wawili."

"Ndiyo, Mkuu. Nilipaswa kulisema mapema."

Siku ya mwisho, Kimya na mpimaji mpya walisaini makabidhiano. Alirudisha funguo na kitambulisho, akapewa cheti cha utumishi. Wenzake walimsindikiza hadi getini.

Kazi mpya haikuwa rahisi. Mashine zilikuwa ngeni, na wiki ya kwanza alipotea mara mbili katika korido. Lakini Jumamosi zilikuwa zake. Baba alimshinda mara nyingi, na alipokaribia kushindwa alisahau kwa makusudi zamu ni ya nani. Mama alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Walipata Jumamosi kumi na moja. Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, kiharusi kilimrudia baba kitini pake. Hakuamka tena.

Kimya alipiga simu kazini. Hakulazimika kubembeleza. Alizijua siku zake za msiba, kwa kuwa aliusoma mstari huo mwenyewe. Akabaki na mama yake.

Siku ya pili ya msiba mlango ulibishwa. Alikuwa Mkuu, na nyuma yake watu wa maabara ya zamani, wote ambao hawakuwa zamuni. Waliingia mmoja mmoja, wakampa mama pole. Mkuu aliinama, akamshika mkono.

"Binti yako alituaga vizuri, Mama," alisema. "Nasi tumekuja kumuaga mzee wake."

Kimya akasogea kwenye mkeka, akawapa nafasi ya kukaa.