Sahani ya Doto

Mtu wa Tabora akifika baharini kwa mara ya kwanza huonja maji kabla hajavua viatu. Anajua ni ya chumvi, kaambiwa tangu shule, lakini lazima ahakikishe. Rashidi, fundi cherehani wa mtaa wa Isevya, alionja akatema. Mkewe Mwanne akaonja akacheka. Binti yao Kulwa, wa miaka sita, akayanywa kabisa mpaka akakohoa. Hoteli waliyofikia ilikuwa Bagamoyo, kule misafara ya wapagazi kutoka Tabora ilikokuwa ikiishia zamani, na mchana ule hawakuwa na la kulalamikia. Mashuka meupe, samaki wa kupaka, wahudumu wanaokusalimia hata wakiwa na sinia kichwani.

Kasoro ilianza na sahani.

Kulwa alizaliwa pacha. Mwenzake, Doto, hakufikisha siku arobaini. Tangu hapo Mwanne hali kabla ya kumtengea Doto tonge lake, analiweka kizingitini na kumwita kwa jina. Mama yake ndiye aliyemfundisha: pacha hali peke yake, na aliyetangulia akisahaulika humvuta aliyebaki. Kwao lilikuwa jambo la kila siku, kama kufunga mlango.

"Hapa si nyumbani, Mama Kulwa," Rashidi alimnong'oneza. "Watu watatushangaa."

"Na mwanangu ashinde njaa kwa ajili ya watu?"

Akaweka wali na kipande cha samaki kwenye kibaraza kinachotazama bahari. "Doto, njoo ule."

Nyumbani tonge hubaki pale mpaka kuku walimalize. Hapa, Mwanne hajamaliza hata kunawa, sahani ilikuwa tupu, imelambwa, imelowa. Alifurahi, maskini. Alidhani mwanawe amependa samaki.

Sadiki, mhudumu aliyekuja kukusanya vyombo, aliishika ile sahani kwa ncha za vidole.

"Mama, nani amekula huku nje?"

"Mwanangu. Marehemu."

Sadiki aliangalia baharini kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Usimwite tena hapa. Ufukwe huu una wenyewe. Wakisikia mtu anaitwa kula, wanakuja wasioitwa."

Mwanne aliogopa, hakumwita tena siku zote zilizobaki, akimwomba Doto radhi kimoyomoyo. Waliporudi nyumbani Isevya aliona hatari imebaki pwani. Akapika ugali, akatenga tonge, akaita.

Sahani ililowa palepale.

Nyumba ikaanza kunuka mwani, Tabora hii ambako bahari huonekana kwenye kalenda tu. Kulwa akawa anakula sahani yake, ya mama yake na ya baba yake, na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Ngozi yake ilikuwa na chumvi ukimbusu. Adhuhuri moja, Rashidi yuko kwenye cherehani yake na mtaa mzima umetulia kwa jua, Mwanne alisikia mtu akitafuna nyuma ya mlango, taratibu, kama anayetafuna mchanga, akajiambia ni kuku, akajiambia ni Kulwa, lakini Kulwa alikuwa mbele yake mkekani, kinywa wazi, hatafuni chochote, na kila kile kitu cha nje kilipomeza, koo la mtoto lilipanda na kushuka.

Wakamwita mganga Jilala wa Isikizya, ambaye siku zisizo na wagonjwa huuza asali. Alilamba paji la uso la Kulwa, akatema.

"Chumvi," alisema. "Nisiwadanganye, majini ya pwani siyajui vizuri. Ila hiki kimeingia kwa jina la Doto. Mama, geuza sahani kifudifudi, umkane Doto, kikose mlango."

"Nimkane mwanangu?"

"Umkane aliyekufa, au umzike aliye hai."

Rashidi alikuwa ameshika mkono wa Kulwa, na mkono ule ulikuwa mifupa mitupu.

Jua likizama, Mwanne aliigeuza sahani kizingitini. "Doto si wangu," alisema. "Simjui. Hapa hana chakula." Kisha akalia kuliko alivyolia siku ya msiba.

Wote walisikia kikiondoka. Kilio chembamba cha mtoto mchanga kilitoka mlangoni, kikavuka ua, kikaenda na barabara ya Ipuli mpaka kikapotea. Rashidi akasema Alhamdulillahi. Jilala akafunga mkoba wake, akaondoka kwa baiskeli. Mwanne peke yake ndiye aliyebaki amesimama, mikono kifuani, kwa sababu kilio kile alikuwa amekibembeleza siku thelathini na kitu, na mama hasahau sauti ya mwanawe.

Kulwa akainuka mkekani.

"Mama, mbona umemfukuza Doto?"

"Aliyeondoka ni yule mbaya, mwanangu," Rashidi alimjibu haraka.

Mtoto akatikisa kichwa. Pumzi yake ilinuka mwani.

"Doto ndiye alikuwa ananishika mkono nisiende na huyu wa baharini," alisema. "Huyu hajali jina, baba. Alitaka nafasi ya Doto tu."

Mwanne akageuka kutazama kizingitini. Sahani ilikuwa imejigeuza, inatazama juu, imelowa.