Ujumbe Aliotuma Pilipili

Kila akitoka shule, Pilipili alifagia vipande vya ngozi katika karakana ya shangazi yake, kisha akashika simu. Shangazi alikuwa fundi viatu hodari, ila Kiingereza hakukijua, kwa hiyo ujumbe wa mama mmoja, mnunuzi wa ng'ambo, ulisomwa na kujibiwa na Pilipili. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya hasira zake za karibu.

Siku hiyo aliukuta ujumbe mmoja. "Sampuli ya sandali imefika. Kamba ya kisigino ni fupi. Rekebisheni. Tumeni picha kabla ya Ijumaa."

Basi! Hata habari zenu hakuna! Damu ikamchemka. Shangazi wa watu ameshona mpaka vidole vimeota sugu, halafu mtu anatoa amri tu? Akaandika palepale: "Kama hujui kusalimia watu, kanunue kwingine." Akatuma.

"Amesemaje yule mama?" shangazi akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Bado hajaandika," Pilipili akajibu, macho chini.

Shangazi akaguna. Wateja wa mtaani walikuwa wamepungua, na bila oda ile ya ng'ambo angelazimika kufunga karakana.

Alhamisi jibu likaja. "Nimeelewa. Nitatafuta fundi mwingine."

Pilipili alitamani kuufuta ujumbe aliotuma, lakini shangazi alikuwa amesimama mbele yake na sandali mpya mkononi.

"Ipige picha umtumie. Ile sampuli kamba yake ilikuwa fupi, nimegundua mwenyewe baada ya kuituma. Hii nimeirefusha. Mbona unalia?"

Pilipili akasema yote.

"Ati nini?" Shangazi akaibwaga sandali mezani. "Umemtukana mteja wangu kwa simu yangu, halafu unanidanganya kwamba hajaandika? We mtoto, huna adabu!"

"Alikudharau, shangazi! Hakukusalimia!"

"Nani kakwambia nataka salamu? Kasema kamba fupi, na kweli ni fupi! Huenda kwao ndivyo wanavyoandikiana kazini, moja kwa moja bila kuzunguka. Kaa hapo, andika!"

Pilipili akaandika huku akimtafsiria kwa sauti, akianza na salamu, hali ya hewa, pole na kazi. Shangazi akagonga meza. "Futa! Sema kilichotokea."

Akaandika upya: "Samahani. Ujumbe ule niliuandika mimi, mtoto wa kaka yake fundi, kwa hasira. Fundi hakujua. Kamba imerefushwa. Picha ni hii."

Jioni yote shangazi alipiga nyundo tu.

Kesho yake wakapata jibu. "Asante kwa kusema kweli. Kamba iko sawa. Anzeni kazi."

Pilipili akaruka kwa furaha. Shangazi hakutabasamu.

"Usinichekee, bado nina hasira na wewe. Mtu wa mbali hakuoni uso wala hasikii sauti yako. Anachopata ni maneno tu. Usimpime kwa mazoea yetu, na usimjibu ukiwa umevimba. Usipomwelewa, muulize. Na ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Kunificha ndiko kulikoniuma kuliko hayo matusi yako. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa kaa unisomee kila ujumbe uliowahi kumwandikia yule mama, mmoja baada ya mwingine."

Pilipili akafungua simu, akaanza kusoma kwa sauti, akitafsiri.